William Lassell

William Lassell (18 Juni 1799 – 5 Oktoba 1880) alikuwa mtengenezaji wa bia na mwanaastronomia kutoka Uingereza. Aligundua Triton, mwezi mkubwa wa sayari Neptun, pamoja na Ariel na Umbriel, miezi miwili ya sayari Uranus. Mwaka 1848 aligundua pia Hyperion, mwezi wa Zohali, siku mbili baada ya William Cranch Bond na mwanawe George Phillips Bond kuuona huko Marekani. Pande hizo mbili hazikuwa na habari za kazi ya wenzao, hivyo wote watatu huhesabiwa kuwa wagunduzi wake.

Lassell hakuwahi kuajiriwa na kituo chochote cha astronomia. Alilipia kazi yake kwa faida ya kiwanda chake cha bia, na darubini zake alizibuni na kuzijenga mwenyewe nyumbani, kuanzia vioo hadi stendi nzito za chuma zilizozibeba. Katika historia ya vyombo vya astronomia, stendi hizo zina umuhimu sawa na miezi aliyoigundua, kwa sababu ndiye aliyefungua njia ya kuweka darubini kubwa za kioo juu ya stendi ya ikweta.

Maisha ya awali

Lassell alizaliwa mjini Bolton katika eneo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Alianza masomo hapohapo Bolton, na baada ya baba yake kufariki alipelekwa shule mjini Rochdale. Mwaka 1814, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Liverpool kujifunza kazi kwa mfanyabiashara mmoja, akakaa huko miaka saba. Baadaye alianzisha biashara yake ya kutengeneza bia. Liverpool ilikuwa bandari iliyokua haraka, yenye mabaharia na wapakuzi wengi wenye kiu, na biashara hiyo ilimpa utajiri. Mwaka 1827 alimwoa Maria King.

Mapenzi yake kwa nyota yalianza kabla ya utajiri. Akiwa kijana wa miaka 21 hivi alitamani darubini lakini hakuweza kumudu bei yake, kwa hiyo mwaka 1820 alianza kujitengenezea. Mbili za kwanza zilikuwa na vioo vya upana wa inchi 7 (takriban sentimita 18).

Vioo vya darubini vya siku zile havikuwa vya bilauri. Vilikuwa vya metali, mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisha kusagwa na kung'arishwa kwa siku nyingi mpaka ikapata mbonyeo unaotakiwa. Metali hiyo ni ngumu, hupasuka kwa urahisi ikipoa haraka, na hufifia katika hewa yenye unyevu, hivyo mwenye darubini alilazimika kuingarisha upya mara kwa mara. Mtu aliyeweza kumaliza kioo kimoja kizuri alihesabiwa kuwa fundi hodari.

Tatizo la stendi

Msomaji ambaye hajawahi kutumia darubini kubwa huenda akadhani kwamba kioo kikishakamilika kazi imekwisha. Sivyo. Dunia inazunguka, na kwa macho yetu anga lote linasogea nyuzi 15 kila saa. Mwendo huo ni mdogo kwa anayetazama kwa macho matupu. Darubini, hata hivyo, inakuza mwendo kama inavyokuza picha: ikikuza mara mia tatu, nyota huvuka sehemu inayoonekana na kutoweka katika muda mfupi sana. Anayetafuta mwezi hafifu kando ya sayari ya mbali anahitaji kuikazia macho sehemu hiyohiyo ya anga kwa muda mrefu, na hawezi kufanya hivyo ikiwa mikono yake inahangaika kuisukuma darubini.

Kuna njia mbili za kuibeba darubini. Ya kwanza ni kuiruhusu ipande na kushuka, na igeuke kushoto na kulia, kama mzinga wa zamani. Stendi ya namna hii ni rahisi kujenga, ila mtumiaji lazima aisogeze pande zote mbili kwa pamoja ili kuifuata nyota. Darubini kubwa ya William Herschel ya mwaka 1789, yenye kioo cha sentimita 122 hivi, ilibebwa hivyo na jengo la nguzo za mbao, kamba na kapi, na wasaidizi walihitajika kuivuta. Darubini ya William Parsons, Bwana wa Rosse, iliyokamilika huko Birr nchini Ireland mwaka 1845, ilikuwa kubwa zaidi, lakini ilining'inia kati ya kuta mbili za mawe. Iliweza kuifuata nyota kwa muda mfupi tu ilipopita kati ya kuta hizo.

Njia ya pili ni stendi ya ikweta. Hapa mhimili mmoja wa stendi unalazwa sambamba na mhimili wa Dunia. Darubini ikishaelekezwa kwenye nyota inatosha kuzungusha mhimili huo mmoja, kwa mwendo uleule, kinyume cha mzunguko wa Dunia, na nyota inatulia machoni. Joseph von Fraunhofer wa Ujerumani alikwisha kuitumia mwaka 1824 kwa darubini ya lenzi iliyopelekwa Dorpat (leo Tartu, Estonia), ikiendeshwa na mashine ya saa. Darubini kubwa za kioo zilikuwa jambo jingine. Uzito wake ni mkubwa, mrija ni mpana na hushika upepo, na mhimili uliolazwa kwa mshazari unabeba mzigo wote kwa upande. Chuma kikipinda kidogo tu, au beringi ikikwama kidogo tu, picha inaruka.

Mshazari huo hutegemea mahali. Pembe ya mhimili kutoka usawa wa ardhi ni sawa na latitudo ya mahali penyewe. Liverpool ni takriban nyuzi 53 kaskazini, hivyo mhimili husimama kwa mwinuko mkali ukielekea karibu na Nyota ya Kaskazini. Malta, ambako Lassell alihamishia darubini zake baadaye, ni karibu nyuzi 36. Kwa mfano wa karibu na wasomaji wengi wa makala hii, kisiwa cha Mafia nchini Tanzania kiko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Fundi wa Mafia anayejenga stendi ya aina hii angelaza mhimili wake karibu usawa wa ardhi, ukiinuka nyuzi 8 tu kuelekea kusini, mahali ambapo hakuna nyota angavu ya kumwongoza; Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho. Uma wa chuma uliofaa Liverpool ungekuwa karibu kulala kabisa, na uzito wote ungening'inia upande mmoja. Mahali kama hapo hufaa zaidi kiunzi kinachoshikwa na nguzo ncha zote mbili, kama machela kati ya wachukuzi.

Starfield

Mnamo mwaka 1840 Lassell alikuwa na nyumba yake aliyoiita Starfield katika eneo la West Derby, nje kidogo ya Liverpool, na kando yake karakana na kituo cha kutazama nyota. Darubini yake ya kwanza muhimu hapo ilikuwa na kioo cha inchi 9 (sentimita 23), na tayari aliiweka juu ya stendi ya ikweta ya chuma. Kwa ukubwa huo kazi iliwezekana. Swali lilikuwa kama ingewezekana kwa darubini kubwa zaidi ya mara mbili.

Mwaka 1844 alisafiri hadi Birr kuona jinsi Rosse alivyokuwa akisubu na kung'arisha vioo vyake kwa mashine ya mvuke. Alirudi na mawazo, akajaribu mashine ya mtindo huo, lakini hakuridhika na matokeo. Akabuni mashine yake mwenyewe iliyoiga mzunguko wa mkono wa fundi anayeng'arisha, na mhandisi James Nasmyth, ambaye pia alipenda astronomia, akamjengea. Kwa mashine hiyo Lassell alikamilisha kioo cha inchi 24 (sentimita 61), chenye umbali wa kitovu wa takriban mita 6.

Mrija na stendi vilikuwa vya chuma. Mzigo wote ulizunguka juu ya mhimili mzito uliosubiwa, na inafaa kukumbuka kwamba mjenzi hakuwa na kitabu cha kunakili vipimo. Kila kipande kilikuwa jaribio. Bahati yake ni kwamba aliishi katika eneo la viwanda. Lancashire ilijaa mafundi wa kusubu chuma na kuchonga gia kwa ajili ya meli, vinu na reli, na Lassell alijua kuwaeleza anachotaka. Mtengenezaji wa bia naye huishi kati ya pampu, mitungi mikubwa na mitambo, hivyo karakana haikumtisha.

Tatizo jingine lilimsumbua ambalo stendi peke yake isingeweza kulimaliza. Kioo cha metali cha ukubwa huo hupinda kwa uzito wake chenyewe, na kupinda huko hubadilika kila darubini inapoinuliwa au kushushwa. Katika miaka ya 1840 Lassell alibuni mfumo wa mitaimbo midogo yenye mawe ya mizani, iliyosukuma mgongo wa kioo. Darubini ikitazama juu kabisa, mitaimbo inasukuma kwa nguvu yote. Ikilazwa, nguvu inapungua yenyewe kadiri kioo kinavyoacha kuegemea mgongo. Hakuna mtu anayehitaji kurekebisha chochote. Wazo hilo liliendelea kutumiwa na wajenzi wa darubini kubwa katika karne ya 20, na ni vigumu kutaja mchango wake wa kiufundi ulioishi kwa muda mrefu zaidi.

Ugunduzi wa Triton

Tarehe 23 Septemba 1846 Johann Gottfried Galle wa Berlin aliiona sayari Neptun mahali palipohesabiwa na Mfaransa Urbain Le Verrier. Habari ilipofika Uingereza ilizua majuto makubwa, kwa kuwa John Couch Adams wa Cambridge alikuwa amefanya hesabu zinazofanana bila sayari hiyo kutambuliwa kwa darubini za nchi yake. John Herschel, mwana wa William Herschel, alimwandikia Lassell barua mwanzoni mwa Oktoba akimhimiza aitafute miezi ya sayari mpya.

Chombo kilikuwa tayari. Tarehe 10 Oktoba 1846, siku 17 tu baada ya Neptun kuonekana Berlin, Lassell aliona nukta hafifu karibu na sayari hiyo. Muda si mrefu Neptun ilikaribia upande wa Jua na haikuonekana vizuri, hivyo ilimbidi kusubiri hadi Julai 1847 ndipo alipohakikisha kwamba nukta ile inaizunguka sayari. Mwezi huo unaizunguka Neptun kwa muda wa siku 6 hivi, tena kinyume cha mzunguko wa sayari yenyewe. Jina Triton halikutoka kwake. Lilipendekezwa na Mfaransa Camille Flammarion mwaka 1880, mwaka uleule Lassell alipofariki.

Pete isiyokuwapo

Sehemu hii ya maisha yake haitajwi sana, ingawa inaeleza tabia yake kuliko ushindi wa Triton. Mwanzoni mwa Oktoba 1846, kabla hata ya kuuona mwezi, Lassell alidhani ameona kitu kama pete kuizunguka Neptun, mfano wa ile ya Zohali. Aliiona tena usiku mwingine. Alitangaza shaka yake hadharani, na James Challis, mkuu wa kituo cha Cambridge, akasema naye ameiona. Kwa mtu asiye na cheo cha kitaaluma, kuwa mgunduzi wa pete ya sayari mpya kabisa kungekuwa heshima ya ajabu, na wengi walikuwa tayari kumpa.

Lakini pete haikutulia. Usiku mmoja ilionekana, mwingine haikuonekana, na pembe yake haikulingana na vipimo vya awali. Lassell alianza kuitilia shaka darubini yake mwenyewe. Jibu lilitokana na sehemu ya stendi aliyoijenga kwa sababu nyingine kabisa. Katika darubini ya aina ya Newton mtazamaji huchungulia kutoka ubavuni mwa mrija, na stendi ya ikweta inapozunguka, tundu la kuchungulia huishia mahali pagumu kufikika. Kwa hiyo Lassell alikuwa ameujenga mrija uweze kugeuzwa ndani ya kiunzi chake. Mwaka 1852, akiwa Malta chini ya anga tulivu, aliugeuza mrija huku akiitazama Neptun. Pete nayo ikageuka. Kitu kilichoko angani hakiwezi kufuata mrija wa darubini. Pete ilikuwa kasoro ndani ya chombo, na Lassell akaiacha.

Mwaka 1989 chombo cha anga-nje Voyager 2 kilithibitisha kwamba Neptun ina pete za kweli. Ni hafifu mno. Darubini yoyote ya karne ya 19 isingeweza kuzionyesha, kwa hiyo Lassell hakuwa ameziona.

Miezi ya Zohali na Uranus

Baada ya Hyperion mwaka 1848, Lassell aliigeukia Uranus. William Herschel alikuwa amegundua miezi miwili ya sayari hiyo mwaka 1787, Titania na Oberon, na baadaye akadai kuona mingine minne. Tarehe 24 Oktoba 1851 Lassell aliona Ariel na Umbriel, ambayo iko karibu zaidi na sayari. Uchunguzi wake ulionyesha pia kwamba ile minne ya ziada ya Herschel haikuwapo. Kwa ombi lake, John Herschel ndiye aliyependekeza majina ya miezi yote minne, hata kama kwa kufanya hivyo alikuwa akikubali kwamba baba yake alikosea.

Malkia Victoria alipoutembelea mji wa Liverpool mwaka 1851, Lassell ndiye mtu wa eneo hilo aliyeomba kuonana naye. Mwaka huohuo Lassell alikwenda Sweden kutazama kupatwa kwa Jua.

Malta

Kadiri Liverpool ilivyopanuka, moshi wa viwanda uliongezeka juu ya Starfield, na mawingu yalikuwa yaleyale ya siku zote. Mwaka 1852 Lassell aliisafirisha darubini ya inchi 24 kwa meli hadi Valletta, Malta, na kwa kuwa latitudo ilikuwa tofauti ilibidi mhimili wa stendi ulazwe upya. Baadaye alirudi Uingereza na kuhamia nyumba nyingine iliyoitwa Bradstones, mbali zaidi na mji.

Huko alijenga darubini yake kubwa kuliko zote, yenye kioo cha inchi 48 (sentimita 122) na urefu wa mita 11 hivi. Badala ya mrija uliozibwa alitumia kimia cha pau za chuma, ili upepo upite na hewa ya joto isinaswe ndani. Stendi ilikuwa uma mkubwa wa chuma juu ya mhimili wa ikweta. Mtazamaji alisimama katika mnara wa pembeni uliozunguka pamoja na darubini. Darubini haikuendeshwa na mashine ya saa: mfanyakazi alizungusha hendeli kwa mkono akifuata mapigo ya saa, usiku kucha. Mafundi wengine waliona mpango huo umepitwa na wakati, na si bila sababu, lakini ulifanya kazi.

Darubini hiyo iliwekwa Malta mwaka 1861. Kwa miaka michache Lassell na msaidizi wake, Mjerumani Albert Marth, waliitumia kuchunguza nebula na sayari. Orodha ya nebula mpya walizopata ilifikia 600, nyingi zikiwa kazi ya Marth.

Miaka ya mwisho

Lassell alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 1860 na kuishi Maidenhead, magharibi mwa London, ambako aliendelea kutumia darubini ya inchi 24. Ile ya inchi 48 haikusimamishwa tena. Ilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ni hasara, kwani darubini nyingi za kioo zilizojengwa na taasisi tajiri baada yake zilifuata njia aliyoianza.

Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia ilimpa Medali ya Dhahabu mwaka 1849, na mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, ambayo ilimtunuku medali yake mwaka 1858. Alikuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia kuanzia 1870 hadi 1872. Alifariki Maidenhead akiwa na umri wa miaka 81. Baada ya kifo chake darubini ya inchi 24 ilitolewa kwa kituo cha Greenwich.

Kumbukumbu

Kasoko moja kwenye Mwezi na nyingine kwenye Mirihi zina jina la Lassell, vilevile asteroidi 2636 Lassell. Moja ya pete za kweli za Neptun nayo inaitwa Lassell. Mjini Liverpool, jumba la makumbusho lilitengenezewa nakala ya darubini ya inchi 24 pamoja na stendi yake.